Safari ni Ijumaa, Moyo Umeanza Jumatatu

Umeshawahi kuumwa tumbo Jumatatu kwa sababu ya kikao cha Ijumaa? Umeshawahi kuamka saa tisa usiku ukaanza kupiga hesabu: kwenye ile kicheni pati nitakaa wapi, mlango uko upande gani, na nikizidiwa nitatokaje bila watu kunishangaa? Umeshawahi kuomba kimoyomoyo mvua inyeshe, gari liharibike, bosi aahirishe, ilimradi tu jambo lenyewe lisifanyike? Kama jibu ni ndiyo, basi karibu, msomaji wangu. Kwenye foleni hii tupo wengi, ila wengi wetu tumeshajifunza kutabasamu tukiwa ndani yake.

Mimi naiita presha ya kabla. Jambo lenyewe bado, lakini mwili umeshafika huko, umeshatoka jasho na umeshachoka. Wakati mwingine siku ikifika, kinachofuata ni ile hofu kali ya ghafla ambayo wataalamu huiita shambulio la hofu: moyo unapiga kama ngoma, pumzi inakata, na unaamini kabisa kwamba leo ndiyo leo. Tunazungumza sana kuhusu mapenzi, fedha na kazi, lakini hili tunalificha, hata kwa mtu tunayelala naye kitanda kimoja. Leo naomba tulitoe kabatini.

Ilivyoanza

Mimi ni mtoto wa Njombe, nimeolewa Manda, nafanya kazi Dar. Kwa anayeijua ramani, maana yake ni kwamba kila Krismasi ikikaribia nina safari moja isiyokwepeka: Morogoro, Iringa, Makambako, halafu unaiacha barabara kuu ya Mbeya na kuingia upande wa Njombe, kisha Ludewa, mpaka Manda kwenyewe, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Nyumbani kwetu na ukweni kwangu vyote viko mwisho wa barabara hiyo.

Desemba 2016 basi lilikuwa limeanza kuupanda mlima Kitonga. Ukishaipita Ruaha Mbuyuni mlima unakusubiri: kona juu ya kona, malori yamejipanga yanapanda kwa mwendo wa kobe, upande mmoja mwamba, upande mwingine bonde. Nimeupanda mlima ule tangu nikiwa mwanafunzi, tena nikiwa nimelala fofofo. Siku ile, bila sababu yoyote, moyo ukaanza kwenda mbio. Vidole vikaingia ganzi, kifua kikabana, sauti za abiria zikawa kama zinatoka ndani ya pipa. Wala sikuwa naogopa mlima. Niliamini nakufa, kwenye siti namba 23, mbele ya watu nisiowajua. Mama mmoja aliyekaa pembeni yangu akakata limau, akaniambia, "Nusa mwanangu, ni hewa ya mlima tu." Tulipofika Ilula kila kitu kilikuwa kimetulia, nimebaki nimelowa jasho na aibu.

Niliporudi Dar nilipimwa moyo, presha, sukari na damu. Vyote safi. "Punguza mawazo," nikaambiwa. Shangazi mmoja akasema kuna mkono wa mtu. Rafiki yangu akasema labda ni mimba. Mwingine akaniombea, na namshukuru. Nikabaki na bahasha ya majibu mazuri mkono mmoja, na hofu yangu mkono wa pili.

Kilichonitesa hasa si zile dakika kama 15 za Kitonga, ni mwaka mzima uliofuata. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kwangu mimi, kila kilichofungwa mlango kikageuka ung'ongo: lifti ya ofisini, foleni ya benki, kiti cha saluni kichwa kikiwa ndani ya mashine ya kukaushia nywele, kanisani ukiwekwa katikati ya benchi. Nikawa bingwa wa kuchagua siti ya mlangoni. Na Novemba ya 2017, kabla hata tiketi haijakatwa, tayari nilikuwa naipanda Kitonga kila usiku nikiwa kitandani kwangu.

Ndani ya mwili kuna nini?

Hebu tuelewane hapa, maana kwangu kuelewa ndiko kulikuwa nusu ya dawa. Ubongo ukihisi hatari, tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni ya adrenalini. Moyo unaongeza kasi ili damu iende kwenye misuli, pumzi zinakuwa za harakaharaka, jasho linatoka kupoza mwili. Hapo mwili unajiandaa kupigana au kukimbia. Ukikutana na simba ni msaada mkubwa. Tatizo ni pale king'ora kinapolia na simba hayupo. Unayajua magari ya mtaani kwetu, paka akiruka juu ya boneti tu king'ora kinalia mtaa mzima? Ndiyo hivyo. King'ora ni cha kweli, kelele ni za kweli, mwizi ndiye hayupo.

Zile dalili za ajabu nazo zina maelezo. Ukihema harakaharaka unatoa hewa ukaa nyingi kuliko inavyotakiwa, na ikipungua kwenye damu unapata kizunguzungu na vidole kuchomachoma. Wengi tunaogopa kuzimia, lakini mara nyingi kuzimia hutokea presha ya damu inaposhuka, wakati katika shambulio la hofu kwa kawaida presha hupanda. Na shambulio lenyewe lina kilele: kwa kawaida linafika juu kabisa ndani ya dakika kama kumi, halafu linaanza kushuka, hata usipofanya chochote. Mwili hauwezi kubaki kileleni siku nzima.

Wala si ugonjwa wa watoto wa mjini wa siku hizi. Mwaka 1871 daktari wa Marekani, Jacob Mendes Da Costa, aliandika kuhusu askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe waliolalamikia moyo kwenda mbio na kifua kuuma, wakati mioyo yao haikuonekana kuwa na kasoro. Mwaka 1962 daktari wa Australia, Claire Weekes, aliandika kitabu kilichowafikia watu wengi akieleza kwamba kinachomfunga mgonjwa ni hofu ya pili, ile ya kuiogopa hofu yenyewe. Na mwaka 1980 madaktari wa magonjwa ya akili wa Marekani wakaupa ugonjwa huu jina lake na nafasi yake kwenye mwongozo wao.

Nisieleweke vibaya, si kila hofu ni ya kupuuza. Mwanzoni mwa mwaka 2019, watoto walipokuwa wanatekwa na kuuawa kwetu Njombe, wazazi waliwasindikiza watoto shuleni na kuwasubiri. Hiyo ilikuwa hofu yenye kazi, ilikuonyesha la kufanya, na ukilifanya unakuwa umelinda mtu. Hofu ninayoizungumzia mimi haikuonyeshi kazi yoyote zaidi ya moja: kimbia. Na ukikimbia haumlindi yeyote.

Huruma inayonenepesha hofu

Sasa tuje kwa wapenzi na wanandoa, maana hapa ndipo pagumu.

Mume wangu ni mtu mpole. Alipoona silali, sili, napekua simu usiku kutafuta habari za ajali, alisema kile ambacho mwanaume mwenye upendo angesema: "Basi mke wangu, tusiende. Mama ataelewa." Jamani, raha niliyoisikia! Kifua kilifunguka palepale, nikala, nikalala. Krismasi ya 2017 tukaila Dar. Ya 2018 akaenda peke yake. Alirudi na mfuko wa usipa waliokaushwa, salamu kutoka kwa mama, na ukimya. Sikuhitaji kuambiwa kinachosemwa kule. Mke wa Dar anajiona. Mke wa Dar hataki vumbi. Na mtoto wetu alikuwa amefikisha miaka mitatu bibi yake hajamshika mkono.

Ule unafuu ndio mtego wenyewe. Unaijua mikopo ya kausha damu? Leo unapewa fedha mkononi bila maswali, kesho unalipa na riba. Kukwepa kuko hivyohivyo. Kila unapokwepa, ubongo unajifunza jambo moja: tumepona kwa sababu hatukwenda. Hauambiwi kamwe kwamba ungekwenda na ungerudi salama. Kwa hiyo safari inayofuata inatisha zaidi, na baada ya hapo hata vitu vidogo vinaanza kutisha. Leo umekwepa mlima, kesho unakwepa lifti, keshokutwa unakataa kupandishwa cheo kwa sababu cheo kina mikutano.

Ndani ya ndoa deni hili linalipwa na watu wawili. Mmoja anakuwa mgonjwa, mwingine anakuwa mlinzi, na taratibu mnaacha kuwa mke na mume.

Ngazi ya stendi

Mwaka 2019 nilimwona mshauri nasaha. Nilitegemea anipe maneno ya kunituliza. Badala yake alinipa karatasi na kuniambia nichore ngazi: chini kabisa safari inayonitisha kidogo, juu kabisa ile isiyosemeka. Yangu ilikuwa hivi: kukaa tu ndani ya basi lililosimama, kwenda Kibaha, kwenda Chalinze, kwenda Morogoro, kwenda Iringa, na juu kabisa Manda.

Masharti yalikuwa matatu. La kwanza, sipandi ngazi ya pili mpaka ya kwanza initoshe, hata ikibidi kuirudia mara tano. La pili, nisishuke hofu ikiwa juu. Nibaki mpaka ianze kushuka yenyewe, ndipo ubongo uone kwamba kilele hupita. La tatu, kabla ya kila safari niandike kwenye daftari kitu ninachotabiri, na jioni niandike kilichotokea.

Nikaanza na Ubungo, maana enzi hizo mabasi ya mikoani yalikuwa hayajahamia Mbezi, yalihamia mwaka 2021. Niliomba kukaa kwenye basi nusu saa kabla halijaondoka, konda ananiangalia kama mtu aliyekimbia nyumba. Kibaha nilikwenda Jumamosi nne mfululizo. Siku ya pili moyo ulikwenda mbio kuanzia Kiluvya, nikabaki kwenye siti nikiwa nimeshika kiti cha mbele kwa mikono miwili. Tulipoingia Kibaha ulikuwa umechoka wenyewe. Daftari langu bado ninalo. Upande wa utabiri nimeandika "nitazimia" mara 11. Upande wa pili hakuna hata moja.

Mume wangu naye alipewa zamu yake, na kwake ilikuwa ngumu kuliko yangu. Aache kuniuliza "uko sawa?" kila baada ya dakika tano, maana swali lenyewe linaniambia kuna hatari. Aache kuniokoa. Tukakubaliana maneno machache: ataniuliza, "Ngapi kwenye kumi?" Nitamjibu namba. Yeye atasema, "Haya, tunaendelea." Basi. Wala si ukatili. Anakuwa ameniambia kwamba ananiamini.

Desemba hiyo tulipanda basi la asubuhi, watatu. Na Kitonga hofu ilikuja, tena bila kuchelewa. "Ngapi?" "Nane." "Haya, tunaendelea." Nikaacha kupigana nayo. Nilishusha mabega, nikawa natoa pumzi ndefu kuliko ninayoingiza, nikaisemesha moyoni kama abiria mwenzangu: kaa, tunapanda wote. Ilifika tisa. Halafu saba. Ilula, nne. Ipogolo nilikuwa nabishana na mtoto kuhusu karanga. Makambako tulishuka kwenye baridi na manyunyu, mtu akatusalimia "Kamwene!", na mimi nikaitikia kwa sauti mpaka mume wangu akacheka.

Kutoka pale kuna kilomita kama 60 mpaka Njombe, tukalala kwa wazazi wangu. Kesho yake tukashika njia ya Ludewa, ile inayoteremka kutoka milima ya baridi mpaka joto la ziwani. Ni mteremko si wa mchezo. Kule kati ya Lusitu na Mawengi, kipande cha kilomita 50, waliamua kujenga kwa zege badala ya lami. Nilishuka kule na sita yangu na tano yangu, na nikafika.

Jioni moja, tukiwa tunasonga ugali wa muhogo, nilimweleza mama mkwe kila kitu, kwamba sikuwa na maringo, nilikuwa na hofu. Nilidhani atashangaa. Akaendelea kusonga. "Mwanangu," akasema, "baba yenu alikuwa anakwenda ziwani usiku, na mwera ukivuma hatujui atarudi au harudi. Unafikiri tulikuwa tunalala? Tulikuwa tunapika. Hofu inakaa hapo jikoni, na ugali unaiva."

Mwera ni ule upepo wa kusini unaolichafua Ziwa Nyasa. Mama wa watu hajasomea saikolojia, lakini nilichofundishwa kwa miezi kadhaa yeye alikuwa amekisema kwa sentensi tatu. Usisubiri hofu iondoke ndipo upike.

Ukibanwa, jaribu haya

Kabla ya siku yenyewe. Tenga robo saa ya wasiwasi kwa siku, kwa mfano saa 12 jioni. Andika yote unayoyaogopa, funga daftari. Yakikujia saa tisa usiku, yaambie saa yao bado. Usitafute habari za kukutisha kwenye simu, na usimuulize kila mtu kama itakuwa salama. Jibu la mtu wa kumi halitakutosha zaidi ya la mtu wa kwanza.

Siku yenyewe. Kunywa chai au kahawa kidogo, na kaa mbali na vinywaji vya kuongeza nguvu. Kafeini inaongeza mapigo ya moyo, na wewe tayari unayo ya kutosha. Pombe nayo, iwe bia au ulanzi, inakopesha utulivu usiku na kukudai asubuhi.

Hofu ikipanda. Iite kwa jina: "Hili ni shambulio la hofu, lina kilele, litashuka." Toa pumzi polepole kwa hesabu ya sita, ingiza kwa hesabu ya nne. Usijifunike mfuko mdomoni kama kwenye sinema, unaweza kukudhuru kama tatizo ni moyo au pumu. Halafu endelea na ulichokuwa unafanya, hata kama ni kwa kusuasua: soma ripoti yako, baki kwenye foleni ya benki.

Baada ya hapo. Usijiadhibu. Andika tu: nilitabiri nini, kimetokea nini.

Lakini kapime kwanza. Moyo wenye kasoro, tezi ya shingoni, upungufu wa damu na sukari kushuka vinaweza kufanana sana na hofu, na maumivu ya kifua yanayokuja mara ya kwanza si ya kujitibu kwa gazeti. Ukishaambiwa mwili ni mzima na hofu bado inakunyima kazi, usingizi au watu wako, omba kuonana na kitengo cha afya ya akili kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa wako. Yapo mazungumzo ya tiba, na zipo dawa ambazo daktari anaweza kukuandikia. Ila vile vidonge vya usingizi vya kuazimana, aina ya Valium, achana navyo. Vinakutuliza leo na vinaweza kukufanya usiweze kukaa bila vyenyewe.

Sitakudanganya kwamba yangu imekwisha. Wiki iliyopita nilikuwa na kikao na wateja, na kuanzia siku mbili kabla tumbo lilishaanza kunikumbusha. Nililipeleka kikaoni likiwa linauma, nikaongea dakika 20, nikarudi nalo. Tofauti ni kwamba siku hizi halinichagulii siti.

Na wewe uliyesoma mpaka hapa kwa sababu mwenzi wako yuko hivi, usimwambie "acha uoga", na usimwambie "basi tusiende". Muulize ni ngazi gani ya chini kabisa anayoweza kuijaribu Jumamosi hii, halafu vaa viatu mwende wote.